Ile Modèle Niliyosema ni Yangu

Ndaya, mama yangu,

Sasa hivi uko kanisani, kwaya inakuaga, na mimi niko hapa dukani kwetu, mtaa wa Kenya. Nimefunga nusu ya mlango ili watu wasiingie kuomba photocopie. Nimekaa kwenye kiti chako, si changu. Kesho saa kumi na mbili asubuhi utapanda bus ya Kasumbalesa, kule mpakani na Zambia, na mimi ni mama yako, kwa hiyo ningepaswa kukuandikia mambo ya safari. Sitayaandika. Tantine Béa atakuonyesha pa kulala, atakufundisha kujaza déclarations za mizigo ya malori, atakuambia pale mpakani ni nani wa kuogopa na ni nani wa kusalimia tu na kupita. Vyeti vyako viko kwenye farde, lile jalada la bluu. Basi, hayo yamekwisha.

Nina jambo moja tu, na nitalisema sasa kabla sijaanza kuzunguka, kwani najijua. Faculté, kule chuo kikuu, hawakukataa modèle yako ya kupangia vitabu vya wanafunzi. Waliipenda sana. Mimi ndiye niliyekuambia kwamba waliikataa. Unakwenda Kasumbalesa kwa sababu ya uongo wangu, si kwa sababu hapa Lubumbashi hakuna kazi ya kukufaa.

Sasa limeandikwa.

Naandika kwa kalamu na kwa Kiswahili, hiki chetu cha nyumbani kilichochanganyika na cha Biblia. Kifaransa nimekichapa kwa ajili ya watu miaka yote hii, najua mahali pote pa kujificha ndani yake. Ningeandika kwa Kifaransa ungesoma «suite à un malentendu», yaani tulielewana vibaya tu, na wewe ungeamini ni malentendu kweli. Haikuwa malentendu. Nilidanganya nikiwa na akili zangu zote.

Lazima nianze nyuma kidogo. Sitafuti unihurumie, lakini bila hapo hutaelewa nilichokuwa nakilinda.

Wewe ulinijua nikiwa na ordinateur, hii kompyuta. Hukunijua nikiwa dactylo, mpiga chapa. Nilipokuwa na umri wako tulikuwa wasichana wanne kwenye bureau moja ya kampuni, mashini nne za chuma, na chef mmoja aliyekuwa anashika kila barua kwenye mwanga wa dirisha kuona kama imenyooka. Ukitaka kichwa cha barua kikae katikati ya karatasi, ilikuwa lazima uhesabu herufi zake zote, uongeze nafasi zilizo kati ya maneno, ugawe kwa mbili, upeleke mashini katikati ya karatasi, halafu urudi nyuma mara hizo ulizopata. Wenzangu walikuwa wanahesabu kwa vidole chini ya meza. Mimi sikuhitaji vidole. Nilikuwa nasikia neno tu, najua nusu yake iko wapi. Chef alikuwa anawaambia wageni, «Uyu mwanamuke iko na latte mu macho», maana yake mtu huyu amezaliwa na rula ndani ya macho. Nililibeba neno hilo nyumbani, nikalibeba mpaka kwenye ndoa, nikalileta mpaka hapa dukani.

Kampuni ilipotuacha nilinunua ordinateur ya kwanza, ile nzito iliyokuwa inapiga kelele, nikafungua secrétariat yetu, hili duka la kuchapia. Wanafunzi walikuja kuchapisha mémoires zao za mwisho wa masomo, na wakaniita Mama Dactylo. Walikuwa wanapita secrétariats nyingine zote barabarani, wanakuja kwangu. Na mimi kwenye ordinateur niliendelea kufanya kama kwenye mashini ya chuma. Nafasi, nafasi, nafasi, halafu Enter. Table des matières, ile orodha ya yaliyomo, nilikuwa naichapa nukta moja moja, mstari mzima wa nukta, mpaka nifike kwenye namba ya ukurasa. Nilikuwa najisifu kwa zile nukta. Hakuna aliyeniambia kwamba ile ni kazi ya bure. Wewe ndiye uliyeniambia wa kwanza, na ulikuwa na miaka kumi na tisa.

Unakumbuka yule mwanafunzi wa mathématiques, mwenye miwani iliyoshikwa na scotch? Alileta flash, nikafungua faili yake, ile fichier, nikaona vitu ambavyo sijapata kuona: vimstari vilivyolala kurudi nyuma, maneno ya Kiingereza, zile alama mbili zenye tumbo zinazoitwa accolades, na kati yake kipande cha Kifaransa hapa na pale. Nikachomoa flash haraka kabla haijaniambukizia mashini. Nikamwambia, «Papa, flash yako iko na virus. Fichier yote imeharibika.»

Akacheka kwa heshima. «Mama, haikuharibika. Iko vile.»

Akanieleza kwamba ile si page, ni maagizo. Unaiandikia mashini hapa kuna chapitre, yaani sura, hapa kuna hesabu, hapa kuna table, na yenyewe inasoma na kukutolea page iliyo tayari. Akasema inaitwa LaTeX. Nikamwambia aipeleke kwa wengine, sisi tunachapa Kifaransa hapa. Alipotoka, wewe ulitoka nyuma yake mbio, viatu vya nyumbani miguuni. Ulirudi na ile program kwenye flash yako na cours nzima ya kusoma, na tangu siku ile nilikuwa nakuona umeinamia simu, kile kioo chake kilichopasuka, unasoma huku unasonga unga wa bukari, mpaka siku moja bukari ikaungua nikakugombeza.

Ulitaka kunifundisha. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Hukukaa na ujuzi ule peke yako. Uliniita, ukavuta kiti changu karibu na chako, ukasema, «Mama, usiangalie page. Iambie tu: hii ni chapitre, hii ni sous-titre. Yenyewe itajua fasi ya kuviweka.»

«Na kama miye mwenyewe minataka kuchagua fasi ya kuweka?»

«Unaandika kanuni mara moya, kule juu. Chapitre zote zitafuata. Ukibadirisha akili, unabadirisha pale tu, na mémoire muzima inageuka.»

Ukanionyesha. Ulibadilisha neno moja kule juu, na vichwa vyote vya mémoire, sijui kurasa mia na ngapi, vikahama kutoka kushoto kwenda katikati. Katikati kabisa. Niliangalia kwa yale macho yangu yenye rula, nikatafuta kosa, sikuliona. Kulikuwa na wateja wawili dukani. Nikasema kwa sauti, ili wasikie, «Kazi gani hii ya kusemasema na mashini kama muloji?» Wakacheka. Na wewe ukacheka nao, lakini ukafunga ile kazi, ukaenda kupanga karatasi ambazo zilikuwa tayari zimepangwa. Niliona. Nilijifanya sikuona.

Halafu kuna zile siku mbili ulizopoteza kwa sababu ya accolade moja. Ulifungua moja ukasahau kuifunga, na mashini ikakataa kutoa page hata moja, ikawa inakutupia tu mistari ya makosa. Ulikula kidogo siku hizo. Ulikuwa unasoma mstari kwa mstari, kidole kwenye kioo. Na mimi, Ndaya, nilifurahi. Naliandika neno hili nikijua utalisoma. Nilisema moyoni, ataacha sasa. Siku ya pili jioni ukasema polepole, «Njo hii», yaani ndiyo hii, ukaongeza alama moja, na page zote zikatoka. Hukunitazama ili nikusifu. Ulikuwa umeshazoea.

Sasa ngoja nikuambie kuhusu Mama Georgine, kwani hapo ndipo nilipoanza kuiba.

Unamkumbuka, yule mwalimu wa shule aliyerudi masomoni akiwa mtu mzima. Siku ya mwisho aliniletea kurasa nne za kuongeza kwenye chapitre ya pili. Niliziongeza. Ile table des matières ya nukta zangu sikuigusa, kwani kuichapa upya ilikuwa kazi ya nusu siku, nami nilikuwa nimechoka, na nilijiambia hakuna anayesoma namba za ukurasa. Mbele ya jury ya kumpima, mmoja wa maprofesa akamwambia asome conclusion yake, akamtajia ukurasa kama ulivyoandikwa kwenye table. Akafungua. Akakuta katikati ya sentensi ya chapitre ya tatu. Akafungua mbele, akafungua nyuma, miwani ikaanguka. Watu wakacheka.

Hakuja kunigombeza. Alikaa pale kwenye benchi, akaweka kile kitabu cha mémoire yake kwenye comptoir, akasema, «Mama Dactylo, banichekelea.»

Wewe ulikichukua kile kitabu. Ulikaa nacho alasiri mbili, ukakiweka chote kwenye maagizo yako, na table des matières ikajiandika yenyewe, kila namba mahali pake. Alipokuja kuchukua ile nakala ya kupeleka bibliothèque, maktaba ya chuo, mimi ndiye niliyempa mkononi. Nikasema, «Nimetengeneza yote upya, mama, unisamehe.» Nimetengeneza. Ulikuwa umesimama nyuma yangu na agrafeuse ya kubania karatasi mkononi. Nikajiambia duka ni moja, mama na mtoto, nani atagawa. Lakini shingo yangu ilikuwa ya moto, na nilikaa siku nzima bila kukuangalia usoni.

Kwa hicho kitabu ndipo CT Mwamba, mwalimu wa pale faculté, alipotufikia. Aliiona kazi ile, akaulizia ilikochapwa, akaja mwenyewe na moto, pikipiki yake, mpaka hapa mlangoni. Alitaka modèle moja ya faculté nzima: kila mwanafunzi aandike maneno yake tu, na ukurasa wa kwanza, vichwa, marges za pembeni, namba, vyote viwe sawa kwa wote. Aliniuliza mimi, «Mama, unaweza?» Nikasema naweza. Alipoondoka nikakugeukia wewe, nikasema, «Basi, anza.»

Ulifanya kazi ile wiki tatu. Uliniuliza kitu kimoja tu, marge ya kushoto iwe ngapi. Nikakuambia sentimita nne, kwani reliure inakula karatasi, na mwanafunzi akibana kitabu chake maneno yatapotelea ndani ya mgongo. Ukaandika nne. Ukasema, «Hii sikuweza kuijua bila weye.» Ndaya, ilikuwa siku nzuri. Nilikununulia beignets kwa mama wa pembeni, tukala tukicheka na kioo kikajaa sukari. Ningekuwa mtu mzima wa kweli, ningesimama pale na ingetosha.

Nikaipeleka flash kwa CT Mwamba. Akaifungua, akajaribu, akaita wenzake. Akaniuliza, «Mama, ni nani alifanya hii?» Nikajibu, «Ni miye.» Halikuwa neno gumu kulitoa. Lilitoka lenyewe, kama linavyotoka jina lako ukiulizwa.

Akaniambia nirudi Alhamisi kuwaonyesha ma-assistants. Nilivaa kile kitenge changu cha sikukuu. Nilikuambia nakwenda kwa mkutano wa mamas wa kanisa. Nilikuta watu saba wamekaa, mashini imefungwa kwenye projecteur, na kazi yako kubwa ukutani, ile mistari yote ambayo sikuwahi kukubali unifundishe. Assistant mmoja kijana akaniomba mambo mawili madogo kabisa. Nipunguze marge kidogo, waone itakavyokuwa. Na pale panapoandikwa Chapitre, paandikwe Titre, na pakae katikati.

Nilikaa. Niliiona ile nne yangu, nikaifuta, nikaandika tatu na nusu, na kwa kidole kilekile nikafuta na accolade iliyokuwa pembeni yake. Sikujua. Nikabonyeza pale nilipokuona ukibonyeza. Page haikutoka. Mistari ya makosa ikajaa ukutani. Kijana akainama, akarudisha ile accolade, akasema, «Si kitu, mama, endelea.» Nikaenda kwenye neno Chapitre. Nikaandika Titre. Na sasa, kulileta katikati, mikono yangu ilifanya kitu pekee inachokijua. Nikahesabu. Nikapiga nafasi. Nafasi, nafasi, nafasi, mara ishirini na kitu, watu saba wakiangalia, na ile sauti ya clavier ikisikika chumba kizima. Nikabonyeza. Page ikatoka. Neno halikuhama hata kidogo.

Wewe ulishaniambia zamani, nami sikusikia: ile program haijali nafasi. Ukipiga moja ao ukipiga ishirini, kwake ni moja. Kazi yangu yote ya maisha, ile aliyonisifia chef, kwake ni kitu kimoja na bure.

Hakuna aliyecheka. Nafikiri wangecheka ingekuwa afadhali. Yule assistant, kwa kunisaidia, akapandisha juu kabisa ya fichier kutafuta ile kanuni ya vichwa. Na pale juu kulikuwa na mstari wako. Mstari unaoanza na alama ya asilimia, ambao mashini inauruka na binadamu peke yake ndiye anayeusoma. Hukuwa umeniambia uliandika nini. Akausoma kwa sauti: «Modèle ya Ndaya na mama yake. Kama kuna kosa, mutuulize Kenya.»

Akaniuliza, «Mama, Ndaya njo nani?»

Uliniandika. Hukulazimika kuniandika, nilikupa ile nne tu, na wewe uliniweka pale juu karibu na jina lako. Na mimi nikajibu, «Ni mutoto wangu. Alikuwa anachezacheza pale.»

CT Mwamba alinigeukia. Si mjinga. Akasema, «Anachezacheza. Mama, njo yeye tunatafuta. Tuko na kazi ya mwaka muzima ya kufundisha banafunzi hii kintu, na akitumika hapa anaweza kuanza masomo hapahapa. Umulete kesho.»

Nikasema, «Hayuko. Alisha kwenda Zambie, kwa tantine yake.»

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Ulikuwa nyumbani unafua. Mimi nikakuhamisha nchi kwa sentensi moja, kwa sababu kama ungekuja kesho yake, wale watu saba wangekuona unafanya kwa dakika moja kile nilichoshindwa mbele yao.

Ndani ya taxi-bus nilipanga nitakuambia nini. Nikaingia nikasema, «Faculté banakataa. Banasema iko ya kitoto.» Ulikuwa na sabuni mikononi. Hukulia. Uliniuliza swali moja, la mtu wa kazi: «Banasema ni fasi gani iko mubaya?» Sikuwa nimejitayarisha kwa swali hilo. Nikatafuta haraka, nikasema, «Marge.» Yaani nilichukua kitu kimoja nilichokupa mimi, nikakigeuza kosa lako. Siku ile ile uliitengeneza upya, ukaniomba niirudishe kwao. Flash ile iko kwenye droo yangu mpaka leo, chini ya ribbons za zamani. Haikutoka hapo.

Wiki iliyofuata nikampigia tantine Béa, nikamwambia unatafuta kazi, kama anaweza kukupokea. Alifurahi. Wewe ulikubali haraka mno, na hapo ndipo nilipojua nilikuwa nimevunja nini. Halafu ukaniambia, «Mama, ile program nimeitoa kwa mashini yako, isikujazie fasi.» Nikasema asante. Nilikuambia asante, Ndaya.

Nimejiuliza miezi hii kwa nini. Kwanza nilijiambia niliogopa utaniacha peke yangu. Si kweli, ona, nimekufungia mizigo kwa mikono yangu. Niliogopa utabaki. Niliogopa kila mteja atakayeingia atauliza wewe uko wapi, na mimi nitakuwa yule mama wa kuleta karatasi. Ni wivu. Neno hilo nililisikia watu wakilisema juu ya majirani na wake wenza, sikujua mtu anaweza kuwa nalo kwa mtoto aliyemzaa. Anaweza. Na halikuzuia nikupende, yalikaa pamoja vizuri tu, hilo ndilo linaloniogopesha.

Siku moja wewe pia utakuwa na jambo unalolijua kuliko watu wote, na atakuja mdogo mwenye jambo lake jipya, labda mtoto wako. Utasikia joto hapa shingoni. Mimi nilipolisikia nilifikiri ni hasira, nikasema mtoto huyu hana adabu. Uliza mara mbili kama ni adabu kweli. Mimi sikuuliza, na ona mahali nilipokufikisha. Zaidi ya hapo sina la kukufundisha juu ya jambo hili, wewe umeishi nalo upande wa pili.

Leo asubuhi, ulipokwenda kuaga majirani, nilikwenda faculté. Nilimkuta CT Mwamba kwenye couloir, nje ya ofisi yake, na wanafunzi wawili. Nikamwomba tuingie ndani. Akasema, «Sema tu hapa, mama.» Basi nikasema pale pale, nimesimama, na wale wawili wakisikia. Kwamba si mimi. Kwamba hukuchezacheza. Kwamba hukwenda popote, uko nyumbani, na kesho ndiyo unakwenda kwa sababu yangu. Mmoja wa wanafunzi aliangalia viatu vyake mpaka nilipomaliza.

CT aliniuliza, «Ulitudanganya mara ngapi, mama?» Nikahesabu kweli. Nikasema, «Ninyi mara tatu. Yeye, sijui.»

Hakunisamehe, wala sikumwomba. Aliniambia kwamba tangu siku ile modèle ikivunjika hakuna wa kuitengeneza, wengi wamerudi kupiga nafasi kama mimi. Halafu akasema, «Siku ya kwanza, saa mbili asubuhi. Yeye mwenyewe. Weye, mama, hapana.» Nikasema ndiyo. Siku ya kwanza ni Jumatatu hii inayokuja.

Sikuambii ubaki. Nimeshakuamulia maisha mara moja bila kukuuliza. Kazi ya tantine ni kazi ya haki, na inawezekana, baada ya kusoma haya, ukataka kuwa mbali na mimi. Ukienda kwa sababu hiyo, ni sababu yako, si ile niliyokupa kwa uongo, na sitasimama mlangoni. Ukibaki, mimi ndiye nitakayempigia tantine Béa. Sitamwambia umeugua. Nitamwambia nilichofanya, na yeye ataiambia familia nzima kabla ya chakula cha mchana, unamjua.

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii chini ya nguo zako, uikute kule, mimi nikiwa mbali na macho yako na bus ikiwa imeshaondoka. Niliifikiria hata bahasha. Halafu nikaona ni uongo mwingine tena, na huu ungekuwa mbaya kuliko yote, kwani ungejua ukweli wakati ambapo haukusaidii kitu.

Kwa hiyo nafunga duka sasa, nakuja kanisani. Nitampa mtu akuletee hii pale kwenye kwaya, na mimi nitasimama nje kwenye geti. Usitoke haraka kwa kunihurumia. Soma mpaka mwisho, soma mara mbili ukitaka, kaa na hasira yako muda unaoutaka. Wenzako watamaliza kuimba, watatoka, watanisalimia mmoja mmoja, Bonsoir Mama Ndaya, hongera kwa safari ya mtoto, na mimi nitawajibu. Sitaondoka pale mpaka utoke uniambie kama kesho tunakwenda bus ao hatuendi.

Mama yako,
Mbombo